Chuo cha nambari 180 na kiwanja chetu cha Mtwapa

SWALI

Asalaam aleikum Mwalimu,

Nakusoma kila wiki, ila sikudhani siku moja ningekuandikia mimi. Nakaa Kisauni, nina watoto wanne, na mkubwa ni msichana, tumwite Nuru. Alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akapata B+. Tulifurahi sana, majirani wakaja, nikapika biriani. KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, ikampa Uhandisi wa Umeme pale TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, na ndiyo kozi aliyoiweka mwenyewe ya kwanza. Nikajua mambo yamekwisha: mtoto atapanda matatu asubuhi na jioni tutakula naye.

Ndipo shemeji akaingia. Ni mdogo wa mume wangu, yuko Leicester miaka mingi, na katika ukoo huu akisema jambo huwa limeshapita. Aliandika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, mbele ya kila mtu, kwamba mtoto wa kwanza wa ukoo kusomea uhandisi hawezi kupelekwa chuo ambacho hakimo hata kwenye orodha ya dunia. Akatuma orodha, kisha akatuma nyingine. Simu yangu haikunyamaza siku ile. Binamu wa Dubai akasema chuo ni Makerere, kaka yangu ambaye ni mwalimu Malindi akasema Nairobi, mwengine akaja na Harvard na Oxford kana kwamba tumeletewa sahani tuchague. Wawili walitoka kwenye grupu kwa hasira na hawajarudi.

Mume wangu ni karani bandarini, amebakisha miaka mitatu kustaafu. Si mtu wa makuu. Lakini kila baada ya Isha huketi baraza moja kule Kibokoni na wenziwe, mmoja ana mtoto Uturuki, mwengine ana mtoto Malaysia, na tangu shemeji aseme maneno yale amebadilika. Alikwenda maonyesho ya vyuo katika hoteli moja Nyali, akarudi na brosha ya chuo kimoja cha Uingereza, karatasi nzito ya kung'aa. Ukurasa wa pili imeandikwa kuwa ni chuo cha 180 duniani. Nambari hiyo ameizungushia kalamu nyekundu. Brosha hukaa juu ya friji, chini ya kikopo cha dawa zake za presha, na kila mgeni akija huteremshwa.

Ada ni pauni 19,000 kwa mwaka. Wakala anasema mwaka wa kwanza ni wa maandalizi, kisha mitatu ya digrii. Nuru ameshapata barua ya kukubaliwa, ila lazima tulipe amana ya pauni 5,000 kabla ya mwisho wa mwezi ujao, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwengine. Pesa hizo hatuna. Tulicho nacho ni kiwanja Mtwapa, tulikinunua kwa mkopo wa sacco yake na chama changu, mle ndani mna pesa zangu za viazi karai za miaka na miaka. Hati ina majina yetu wawili. Mume wangu ataka tukiuze. Shemeji asema yeye atatoa tikiti ya ndege, na mtoto akishafika atafanya kazi ajilipie mwenyewe.

Nilipouliza maswali nikaambiwa mimi niliishia darasa la nane, siwezi kujua thamani ya chuo. Neno lile limenikaa hapa kooni. Nuru mwenyewe hasemi kitu.

Mwalimu, hizo nambari zinatoka wapi? Chuo cha 180 ni bora kweli kuliko TUM? Nisipotia sahihi nitakuwa nimemharibia mwanangu maisha? Na shemeji nimjibu nini?

Mama Nuru, Kisauni

JIBU

Aleikum salaam Mama Nuru, na hongera kwa mtoto. B+ ya kuingilia uhandisi si ya kuokota.

Usitie sahihi. Nimelitanguliza hilo kwa sababu una tarehe inayokukimbiza, na mengine yote yanaweza kungoja usome taratibu. Nitakueleza kwa nini, na pia nitakwambia pale ambapo shemeji yako ana haki, kwa kuwa anayo kiasi.

Kwanza, mtu akikutajia 180, muulize 180 kwenye orodha ya nani. Zinazotajwa sana ni tatu. Ya Shanghai ilianza 2003. Nyingine mbili ni za Uingereza, QS na Times Higher Education. Hizi zilitoka pamoja kuanzia 2004, kisha zikaachana, na tangu 2010 kila mmoja ana yake. Chuo kimoja kinaweza kuwa cha 180 huku na cha 400 kule katika mwaka uleule, na wanaochapisha brosha si wajinga, wataweka ile inayowapendeza. Wakati mwengine nambari huwa si ya chuo kizima, ni ya idara moja au ya kipimo kimoja tu, na maelezo yake yamo kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Hebu iteremshe hiyo brosha utazame chini ya ile duara nyekundu.

Sasa wanapima nini? Orodha ya Shanghai inatoa alama 30 kati ya 100 kwa zawadi za Nobel na medali za Fields za hisabati: 10 kwa wahitimu waliozipata, 20 kwa walimu. Alama 20 ni za makala yaliyotoka kwenye majarida mawili, Nature na Science. Nyingine 20 ni za watafiti wanaonukuliwa sana na wenzao, na 20 ni za wingi wa makala kwa jumla. Kumi zilizobaki ni hayohayo yakigawanywa kwa idadi ya walimu. Tafuta humo mtoto wako aliyeketi darasani akiuliza swali, hutamwona. Na hata hizo Nobel zina ubaguzi wake, kwani upande wa walimu ile ya fasihi na ile ya amani hazihesabiwi. Mzanzibari wetu Abdulrazak Gurnah alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, na 2021 akapata Nobel ya fasihi. Ulimwengu mzima ulimjua. Kwenye kipimo kile cha walimu, zawadi ya namna yake haina hata nukta.

QS nao huuliza watu. Alama 30 hutoka kwenye maoni ya wasomi wa nchi mbalimbali na 15 kwenye maoni ya waajiri. Yaani karibu nusu ya hesabu ni sifa: nani amesikia jina la nani. Chuo kilichokwisha kujulikana huzidi kujulikana. Kipimo ambacho kingemgusa Nuru, cha mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, kilikuwa na alama 20 na sasa kimeshushwa hadi 10. Mimi nilifundisha miaka mingi, na niseme kweli hilo linaniudhi.

Ndiyo sababu TUM kutokuwamo kwenye orodha hakumaanishi anavyodhani shemeji. Times Higher Education, kwa mfano, hukitaka chuo kiwe kimechapisha angalau makala 1,000 ya utafiti katika miaka mitano, na chenyewe kiwe kimewatumia takwimu zake. Chuo kilichopata hati yake ya chuo kikuu 2013, na kilichozaliwa kufundisha ufundi, kuchelewa kufika hapo si ajabu. Wako pia wanaotoka kwa hiari yao. Chuo Kikuu cha Zurich, huko Uswisi, kilitangaza 2024 kwamba hakitatuma tena takwimu kwa Times, kikalalamika kuwa mchezo huo unawafanya watu wahesabu makala badala ya kutazama ubora.

Kuna kisa kimoja ningependa mume wako akipeleke barazani. Marekani wana orodha yao ya nyumbani, U.S. News, iliyoanza 1983. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikuwa kimepanda hadi nafasi ya pili. Mapema 2022 profesa wao wenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, akakaa na takwimu ambazo chuo kilikuwa kimepeleka, akaonyesha hadharani kwamba haziwiani na ukweli, mkiwemo mambo ya ukubwa wa madarasa na elimu ya walimu. Chuo kikakiri kuwa baadhi ya hesabu hazikuwa sawa. Septemba mwaka huo kikaonekana nafasi ya 18. Kutoka pili hadi kumi na nane, na walimu ni walewale, maktaba ni ileile, wanafunzi walilala na kuamka na akili zao. Mwaka uliofuata Columbia ikaacha kushiriki orodha hiyo kwa wanafunzi wake wa digrii ya kwanza. Waulizeni kule Kibokoni, kilichoshuka ni kitu gani?

Na huyo jamaa wa Harvard, mwambieni kwamba ile Ivy League anayoisikia ni ligi ya michezo. Ni vyuo vinane vya Marekani, Harvard ikiwemo, vilivyofungana rasmi 1954, na vyuo vikubwa kama MIT na Stanford hazimo.

Haya, nije kwa shemeji. Jina la chuo lina nguvu, tusijidanganye. Mwezi Mei 2022 serikali ya Uingereza ilianzisha viza maalumu kwa wahitimu wa vyuo bora vya nje ya nchi yao, na uteuzi wa vyuo ukafuata hizohizo orodha tatu. Ilipotoka, hakukuwa na hata chuo kimoja cha Afrika. Uholanzi nao wana kibali cha mwaka mmoja cha kutafuta kazi kwa wahitimu wa vyuo vilivyomo ndani ya 200 bora. Kwa hiyo nambari hizi zilizoanza kama mabishano ya wasomi zimeshafika kwenye dirisha la uhamiaji. Shemeji anaishi huko, ameona CV zikitupwa. Tena hapa kwetu 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma karibu wiki saba. Mzazi anayeogopa hayo si mwenye majivuno.

Wachumi wamelifuata jambo hili kwa miaka. Stacy Dale na Alan Krueger, kwenye utafiti waliouchapisha 2002, waliwalinganisha Wamarekani waliokubaliwa na vyuo vikali lakini wakaenda vya chini yake, na wale waliokwenda huko huko kwenye vikali. Mapato yao baadaye yalikaribiana, isipokuwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, ambao chuo kikali kiliwafaa. Mwaka 2023 Raj Chetty na wenzake wakatazama vyuo 12 vya kilele. Waliona kwamba mapato ya wastani hayabadiliki sana, ila nafasi ya mtu kufika kwenye ile asilimia 1 ya juu kabisa huongezeka, na pia ya kuajiriwa na makampuni yenye majina makubwa. Kwa hiyo kilele kina faida yake, na mtoto wa mchuuzi wa viazi karai anaweza kufaidika kuliko mtoto wa waziri. Lakini hao walikuwa wanazungumzia kilele, Mama Nuru. Chuo cha 180 si kilele. Kati ya cha 180 na cha 300 tofauti ni nyembamba kiasi kwamba orodha yenyewe ikibadili kanuni mwaka ujao vinapishana njiani.

Na hapa pana jambo ambalo mawakala hawalisemi. Vile vya kilele hasa havikuombi uuze kiwanja. Harvard, Yale, Princeton na MIT humpokea mwanafunzi wa kigeni bila kutazama mfuko wa wazazi wake, na akishakubaliwa humfidia pengo lote ambalo familia haiwezi kulijaza. Kuingia ni kugumu mno, wanaoomba ni maelfu kwa maelfu, lakini mtoto wa Kisauni akiingia analipiwa. Uingereza hali ni nyingine. Mwanafunzi wao wa England analipa ada iliyowekewa kikomo na serikali, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Mgeni hana kikomo. Vyuo vingi vya katikati vinaendeshwa kwa pesa za wageni, ndiyo maana vinakuja kuwatafuta mpaka hotelini Nyali, na ndiyo maana wakala hulipwa kamisheni kwa kila mtoto anayempeleka. Simtukani wakala, ni biashara yake. Ila anayeuza hawezi kuwa ndiye mshauri wako.

Sasa tuweke hesabu mezani, na hapa darasa la nane linatosha na kusaza. Pauni 19,000 mara miaka minne ni pauni 76,000. Ukipiga kwa shilingi 170, inakaribia milioni 13. Hiyo ni ada tu, ikiwa hawakuipandisha, na kwa kawaida huipandisha. Ili apate viza mtaonyesha benki zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi kwa miezi tisa ya kujikimu, nje ya London, yaani pauni elfu kumi na ushei zimelala kwenye akaunti. Kuna na malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Kiwanja cha Mtwapa, hata mkipata mnunuzi mwenye moyo mweupe, kitalipa mwaka wa kwanza na labda kipande cha pili. Baada ya hapo mume wako atakuwa amebakisha mwaka mmoja kustaafu.

Kuhusu mtoto kujilipia kwa kazi: viza ya mwanafunzi wa digrii inamruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, si zaidi. Tuseme amepata pauni kumi kwa saa, ni pauni mia mbili kwa wiki. Hizo ni kodi ya chumba, mkate na basi. Ada hazigusi. Shemeji anayajua haya, anaishi huko, na sijui kwa nini hakuyaandika kwenye grupu.

Huo mwaka wa maandalizi nao utazame vizuri. Vyuo vingi vya Uingereza havimwingizi mwenye KCSE moja kwa moja mwaka wa kwanza, hilo ni kweli, wakala hakudanganya. Lakini mara nyingi mwaka ule huendeshwa na kampuni binafsi kwa jina la chuo, na kuingia digrii yenyewe kunategemea alama atakazopata. Asipozifikia, mmelipa milioni tatu na ushei kwa cheti ambacho hapa Kenya hakuna atakayejua akiweke wapi. Barua aliyopewa Nuru isome tena. Ni ya kukubaliwa digrii, au ni ya kukubaliwa maandalizi?

Nije kwa TUM, na huko pia sitaki uende kwa macho yaliyofumbwa. Kwa mhandisi wa Kenya, mlango mkubwa ni Bodi ya Wahandisi. Wao humsajili mtu kwa kutazama kozi aliyosoma kama wameiidhinisha, nambari ya chuo duniani haiwahusu. Wapo vijana wa vyuo vyetu waliomaliza miaka mitano ndipo wakaambiwa kozi yao haitambuliwi, na kilio chao tulikisikia sote. Kwa hiyo mchukue Nuru mwende Tudor pamoja, muulizie ofisi ya kitivo cha uhandisi kuhusu Uhandisi wa Umeme kwa jina lake kamili, muone barua ya idhini, kisha mlinganishe na orodha ya Bodi yenyewe. Mkiwa huko mwombeni mkubwa mmoja awaonyeshe maabara, na muwaulize wanafunzi wa mwaka wa nne walikwenda wapi kwa mafunzo ya kazini. Pale Mombasa kuna bandari, kuna kampuni ya umeme ya Kenya Power, kuna viwanda vya Changamwe. Nusu saa ya kuongea na wanafunzi wale itakupa habari ambayo hamna kwenye orodha yoyote. Na maswali hayohayo muulizeni wakala: je, digrii ile itatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Wahandisi Nuru akirudi? Na ajibu kwa maandishi, si kwa mdomo.

Ulaya haitahama. Akimaliza vizuri hapa, kuna digrii ya pili, na huko ndiko misaada iliko. Chevening ya serikali ya Uingereza hulipia mwaka mzima wa shahada ya uzamili, ada na matumizi, kwa mwenye digrii na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kuna ya Jumuiya ya Madola, kuna DAAD ya Ujerumani. Mwajiri husoma digrii ya mwisho kwanza. Kama ni jina la chuo la kutundika ukutani, mhandisi wa miaka ishirini na sita anaweza kulileta bila mtu kuuza hata mnazi.

Shemeji amesema TUM si mahali. Sijui kama anajua kilikuwa nini zamani. Kabla ya kuwa chuo kikuu kilikuwa Mombasa Polytechnic, na kabla ya hapo kilikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu. Kijana mmoja wa hapahapa Mombasa, Ali Mazrui, alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu. Makerere, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa kilele cha Afrika Mashariki yote, ikamkataa. Akafanya kazi MIOME. Hapo ndipo alipotoa hotuba siku ya Maulidi, na gavana Philip Mitchell alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Ukafunguka mlango wa msaada wa masomo, akaanzia Huddersfield, mji wa viwanda ambao barazani Kibokoni hakuna ambaye angeutaja, kisha Manchester, alikohitimu 1960, Columbia 1961, na Oxford, iliyompa udaktari 1966. Makerere iliyomkataa ikamfanya profesa. Mtu atasema yule alikuwa Mazrui, hatufanani naye. Sawa. Lakini angalia alivyopanda: mlango wake ulifunguliwa na msaada wa masomo, si na nambari ya chuo.

Kuna jambo kwenye barua yako limenisumbua kuliko pauni. Umeniandikia habari za shemeji, binamu, kaka yako, wakala, baraza na brosha. Ya Nuru ni sentensi moja: hasemi kitu. Huyu mtoto aliijaza fomu ya KUCCPS mwenyewe, akaiweka TUM na Uhandisi wa Umeme mbele. Alishasema, ila alisema kwa fomu. Sasa baba yake na ami yake wameanza kubishana kuhusu jina lake, na mtoto wa kike aliyelelewa vizuri Pwani hatasimama katikati akamkatiza ami. Mchukue jikoni mkiwa wawili mkimenya viazi, umuulize, na usimwonyeshe jibu unalolitaka wewe. Huenda akakushangaza akasema anataka kwenda. Akisema hivyo, bado kiwanja hakiuzwi, ila mtaanza kutafuta msaada wa masomo kwa bidii, na hiyo ni kazi nyingine.

Mume wako usimpige kwa hesabu mbele ya watu. Anaumia. Amefanya kazi bandarini maisha yake yote, na jioni anakaa na watu wanaotaja Istanbul na Kuala Lumpur, kisha mdogo wake anamwambia hadharani kwamba mtoto wake amepata kisichokuwamo kwenye orodha. Neno la darasa la nane lilitoka hapo. Halisameheki kwa urahisi na sikuambii ulimeze. Mwambie limekuuma, mkiwa peke yenu, siku ambayo hamzungumzii chuo. Kisha siku nyingine kaa naye na karatasi, pauni 76,000 juu, kiinua mgongo chake chini, na watoto watatu waliobaki pembeni. Hao watatu nao watafika kidato cha nne. Karani wa bandari anajua kusoma karatasi ya namna hiyo kuliko mimi na wewe.

Shemeji mjibu kwa adabu na kwa maandishi, mlemle kwenye grupu alikoanzia. Mshukuru kwa tikiti. Mwambie familia imelipokea wazo lake, na ili kulitekeleza mnahitaji mtu wa kudhamini ada ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, na kwa vile yeye ndiye aliye huko na anakijua chuo, je, ataweka sahihi? Usiongeze neno. Usitie hata kikatuni cha kucheka. Akikubali, mambo yamebadilika na uniandikie tena. Asipokubali, grupu yote itakuwa imesoma.

Amana msilipe kabla hamjapata kwa maandishi masharti ya kurudishiwa, hasa viza ikikataliwa. Wakala akikwambia nafasi itaondoka, iache iondoke. Vyuo vinavyokuja hotelini mwaka huu vitakuja na mwaka ujao. Ya kutoichezea ni barua ya KUCCPS. Nuru aripoti Tudor tarehe iliyoandikwa, ajisajili, aombe mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili wa serikali kabla muda haujafungwa. Kuripoti hakumfungi asiende kwengine baadaye, lakini asiporipoti nafasi yake inaweza kupotea, na hiyo ndiyo aliyoichagua mwenyewe.